Nani Atavipa Vitufe Majina? Kiswahili, Aikoni na Funzo la Kamukunji

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'aa gizani. Ikiwa kauli hiyo ni ya kweli, basi lipo giza dogo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumelitazama kwa muda mrefu bila kuliwashia taa. Giza hilo limo katika simu zetu: katika ule mstari wa michoro midogo, yaani aikoni, unaomwelekeza mtumiaji aende mwanzo, atafute, atume, alipe au arudi nyuma. Makala haya yanashikilia kwamba kuipa michoro hiyo majina ya Kiswahili ni kazi ya wasomi wa lugha, na kwamba kazi hiyo haitafaulu mpaka majina yenyewe yawe mali ya pamoja, kama michoro ilivyokwisha kuwa.

Waundaji programu hawaanzi kila kazi upya. Tangu Bootstrap ilipotolewa mwaka 2011, na Google ilipotoa mkusanyo wake wa aikoni mwaka 2014, kijana aliyeko Buruburu au Umoja anaweza kuchukua kitufe, menyu au mchoro uliokwisha kutengenezwa, akaubadilisha rangi na ukubwa, akautia katika programu yake bila kulipa hata senti moja. Leseni huria inamruhusu kuchukua, kurekebisha na kuwagawia wengine.

Utaratibu huu si mgeni katika mitaa ya Eastlands. Pale Kamukunji na Shauri Moyo, mafundi wa jua kali wamefanya hivyo kwa miongo mingi. Chukulia mfano wa jiko la makaa lenye kiuno chembamba na kitako cha udongo ndani yake. Jiko hilo lilibuniwa nchini katika miaka ya 1980 kwa kuiga na kurekebisha jiko la Thailand. Kwa kuwa halikufungiwa hataza, fundi yeyote aliweza kuutwaa umbo lake, akakata bati na kuunda la kwake. Huyu akaongeza mikono, yule akabadili rangi, lakini kiini cha jiko kikabaki kile kile. Ndiyo maana jiko hilo limeenea katika nyumba nyingi za Kenya.

La kusikitisha ni kwamba tunapofika kwenye majina, ushirika huu hukoma. Mstari wa aikoni wenyewe ni ushahidi tosha. Katika tafsiri za Microsoft tunakutana na neno "mwambaa". Katika tafsiri za Google tunakutana na "upau". Maneno yote mawili yana asili nzuri. La kwanza linatokana na kitenzi "ambaa", kupita kando ya kitu, kama chombo kinavyoambaa pwani. La pili ni ule mti mwembamba unaolazwa juu ya paa kabla ya kuezekwa. Lakini mtumiaji anayekutana na yote mawili hajui kuwa ni kitu kimoja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, na watu wa kujitolea walipoitafsiri Facebook mwaka 2009, kila kundi lilikuwa na orodha yake. Kwa upande wetu, tumeendelea kuvutana kuhusu "tarakilishi" na "kompyuta", huku vitufe vikibaki na majina ya Kiingereza.

Isitoshe, kutafsiri neno kwa neno hakutoshi. Tazama aikoni ya nyumba, ambayo aghalabu huandikwa "Nyumbani". Mwulize mkazi wa Kayole au Dandora nyumbani kwao ni wapi. Wengi hawatakutajia Kayole. Watakutajia Machakos, Murang'a, Siaya au Kakamega. Kwao, chumba wanachokilipia kodi ni nyumba tu. Nyumbani ni mashambani, kwa wazazi na makaburi ya mababu. Neno lililokusudiwa kumrudisha mtumiaji kwenye ukurasa wa kwanza linampeleka kwingine kabisa. "Mwanzo" lingefaa zaidi. Uamuzi kama huu hauhitaji ujuzi wa kompyuta. Unahitaji semantiki na isimujamii, taaluma tunazozisomea.

Michoro nayo ina safari zake. Mistari mitatu inayoficha menyu ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Diski ya plastiki inayomaanisha "hifadhi" haijawahi kushikwa na wengi wa wanaoibonyeza leo. Kuna wanaodai kuwa mchoro unajitosheleza na hauhitaji neno. Sikubaliani nao. Katika kura ya maamuzi ya mwaka 2005, Wakenya walipewa ndizi kwa "ndiyo" na chungwa kwa "la". Hakuna tunda linalokubali wala kukataa kwa asili yake. Alama hizo zilieleweka kwa sababu zilitajwa na kufafanuliwa mbele ya umma, hata chungwa likazaa jina la chama. Mchoro hupata maana pale jamii inapokubaliana nao.

Wengine watasema kuwa Eastlands ni chimbuko la Sheng, hivyo vitufe viandikwe kwa Sheng. Hoja hii ina uzito, kwa maana Sheng hutufunza jinsi vijana wanavyovitazama vitu. Hata hivyo, Sheng hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa na hubadilika upesi. Kitufe cha kutuma fedha hakiwezi kubadilika hivyo. Muuza mitumba wa Gikomba anayebonyeza asichokielewa anaweza kutuma fedha alizokusudia kuzitoa. Tena, Kiswahili kimekwisha kuthibitisha uwezo wake katika uwanja huu: "Lipa na M-Pesa" na "Fuliza", iliyoanza mwaka 2019, hutamkwa kila siku hata na wasiojua kuwa kufuliza ni kutenda jambo mfululizo.

Napendekeza basi kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vifanye yale waliyoyafanya mafundi wa Kamukunji. Tuandae orodha moja ya majina ya vitufe vinavyotumika sana: mwanzo, rudi, tafuta, hifadhi, futa, tuma, mipangilio na mengineyo. Kila jina liambatane na aikoni yake na sentensi moja ya ufafanuzi. Tuipeleke Gikomba, Kariobangi na Umoja, tuwaulize watu wanaelewa nini, kisha turekebishe. Halafu tuitoe kwa leseni huria, ili mwundaji programu aichukue kama anavyochukua kijenzi kingine chochote, airekebishe anapoona haja na kuturudishia marekebisho yake. Wahadhiri wetu nao wanaweza kuikubali kazi hii kama mradi wa utafiti, badala ya tasnifu nyingine ya istilahi itakayofungiwa kabatini.

Waundaji programu wametandaza bidhaa zao hadharani, na mafundi wa jua kali walitangulia kuwaonyesha njia. Sisi tunaojivunia kuwa walinzi wa lugha tumebaki tumefunga mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa, tuungane nao.