Neno la Mhariri: Mwezi Usipoandama

Jioni ya siku ya 29 ya Shaabani watu wa pwani hutazama magharibi. Mwezi ukiandama, kesho ni kufunga. Usipoandama, hakuna anayebabaika: hukamilishwa siku 30, kisha mambo yanaendelea. Hesabu ipo, kanuni ipo, na hata mtoto wa chuoni anaijua.

Mwanamke naye ana mwezi wake. Lugha yetu ndiyo iliyoamua hivyo. Tunasema yuko mwezini, ameuona mwezi, hajauona. Ila mwezi huu usipoandama hatuna kanuni yoyote. Binti wa kidato cha nne akikaa miezi minne bila kuona siku zake, yeye mwenyewe anashukuru kuokoa hela ya pedi. Mama yake akigutuka, hofu yake ni moja tu: mimba. Ikibainika kwamba hakuna mimba, anashusha pumzi na habari inaishia jikoni. Miaka 10 baadaye binti yuleyule ameolewa, mwaka wa pili unakatika bila mtoto, na ghafla ukoo mzima, wifi kwa shangazi, unataka habari za mwezi wake.

Toleo hili linahusu ile miaka 10 ambayo hakuna aliyeuliza.

Hali tunayoizungumzia huitwa hospitalini kwa herufi nne, PCOS: sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, inawapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na katika kila 100 walio nayo, hadi 70 hawajui kwamba wanayo. Chukua darasa moja la wasichana 40. Kwa makadirio hayo, wanne au watano wana hali hii au watakuja kuwa nayo, na pengine mmoja au wawili tu ndio watakaokuja kuambiwa jina la kinachowasumbua.

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tuanze na sisi. Toleo hili lilipoanza kupangwa, lilikuwa na kichwa kimoja: Ugumba. Kazi zilikwishagawanywa. Kisha muuguzi mmoja tuliyemwomba makala akatuuliza kama tunawaandikia wanawake wote au wanaotafuta mtoto peke yao. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeingia kwenye habari hii kwa mlango uleule anaoingilia mama mkwe. Kichwa tukakifuta, na hoja yetu ikawa hii: anayemfikia mwanamke kupitia mtoto tu, humfikia akiwa amechelewa, na wengine hatawafikia kabisa.

Kosa hilo lina historia. Mwaka 1921 madaktari wawili Wafaransa, Charles Achard na Joseph Thiers, walieleza kile walichokiita kisukari cha wanawake wenye ndevu. Hawakuwa na maelezo ya kutosha, lakini walikuwa wameviona viwili hivyo, sukari na ndevu, vikikaa katika mwili mmoja. Mwaka 1935, huko Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal wakaandika habari za wanawake saba wenye matatizo ya hedhi, ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko. Waliwapasua, wakakata kipande cha ovari, na hedhi zikarudi. Taarifa ya Chicago ndiyo iliyoshika, na tangu hapo ugonjwa ukahesabiwa kuwa wa ovari. Ilibidi kungoja hadi 1980 watafiti wa Marekani waonyeshe kwamba kwa wanawake hawa insulini na homoni za kiume hupanda pamoja. Ndipo hoja ikarudi karibu na pale Wafaransa walipoiacha. Desemba 2012, jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani likatamka wazi kwamba jina linalotaja vifuko linapotosha, na likapendekeza litafutwe jingine.

Linapotosha kwa sababu hivyo vifuko si uvimbe. Kila mwezi vijifuko kadhaa vyenye mayai machanga huanza kukua ndani ya ovari. Kimoja hutangulia, hupevuka na kuachia yai, vingine hunyauka. Katika hali hii hakuna kinachotangulia. Vyote vinadumaa katikati ya safari, vikajipanga ukingoni mwa ovari kama shanga kwenye uzi, na hizo shanga ndizo zinazoonekana kwenye kipimo cha altrasaundi. Mwanamke anayetoka chumba cha kipimo ameambiwa ana uvimbe kwenye mayai, akalala usiku kucha akiwaza kisu, amesomewa matokeo kana kwamba ndiyo chanzo.

Chanzo kiko mbali zaidi, na kwa wengi njia yake inapita kwenye insulini. Insulini ni mpiga hodi. Tukila, sukari huingia kwenye damu, na insulini hupita mlango kwa mlango ili misuli na viungo vingine viipokee. Kwa wengi wenye PCOS, wanene na hata wembamba, milango hiyo ni mizito ya kusikia. Kongosho, kwa kuona hodi haijaitikiwa, hutuma wapiga hodi wengi zaidi. Kelele zinafika kwa jirani ambaye si kiziwi hata kidogo, naye ni ovari. Ovari ikigongewa hivyo mchana na usiku, ikisukumwa pia na homoni za ubongoni, huzidisha kutengeneza homoni tunazoziita za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Wakati huohuo ini, kwa kelele zilezile, hupunguza protini ambayo kazi yake ni kuzishika homoni hizo zisizurure kwenye damu. Nyingi zinatengenezwa, chache zinashikwa. Matokeo yake tunayaona usoni: chunusi zisizokoma hata baada ya miaka ya ujana, ndevu kidevuni, nywele kifuani na tumboni, na utosi unaopungua nywele. Shingo na makwapa yanaweza kuwa meusi, ngozi nene kama mahameli. Weusi huo hautoki kwa dodoki, kwa sababu si uchafu. Ni alama ya insulini iliyozidi.

Tusiposhughulika na hayo, mwili unaendelea na hesabu zake. Yai lisipotoka, projesteroni haitengenezwi ya kutosha, na estrojeni hubaki peke yake ikijenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi mwezi baada ya mwezi bila kubomolewa. Ndiyo sababu wanawake hawa wako katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya utando huo. Kisukari cha aina ya pili huwajia wengi wao mapema. Wakishika mimba, kisukari cha ujauzito na kifafa cha mimba huwanyemelea zaidi kuliko wenzao. Shinikizo la damu, mafuta mabaya kwenye damu, kukatika pumzi usingizini, sonona na wasiwasi navyo vimo kwenye orodha. Katika hayo yote hakuna linalongoja mwanamke atake mtoto. Mama wa watoto watatu ambaye siku zake zimekatika akiwa na miaka 36, na mashoga zake wakampongeza kwa kupumzika, anaihitaji habari hii sawasawa na bi harusi.

Kwetu pengo hilo la habari halikai tupu. Hujazwa. Kuna dawa ya kusafisha kizazi inayouzwa stendi kwenye chupa ya maji. Kuna chango linalotibiwa kwa mizizi. Kuna jini mahaba anayesomewa. Hatuwacheki wanaokwenda huko. Mganga angalau anamsikiliza mwanamke kwa saa nzima, wakati sisi wa upande wa hospitali mara nyingi tunampa dakika tano na karatasi ya kipimo. Lakini kizazi hakichafuki kwa kukosa hedhi, na chupa ya stendi haimsaidii anayegongewa hodi na insulini. Na mume, ambaye katika nyumba nyingi hajapimwa hata mara moja, anaendelea kuulizwa ataoa lini tena.

Tiba nazo zina mkosi wa kutoeleweka. Daktari akimwandikia msichana wa miaka 19 vidonge vya majira, mama mtu anavitupa jalalani, kwa imani kwamba vitamharibu kizazi. Vidonge hivyo hapa havikuletwa kuzuia mimba. Vinazituliza homoni za kiume na kuufanya utando wa mfuko wa uzazi ushuke kwa wakati wake. Havifai kwa kila mwanamke, hasa mwenye shinikizo la damu au historia ya damu kuganda, na kwa hiyo havipaswi kununuliwa dukani kwa kuambiana. Wapo wanaofaidika zaidi na metformini, dawa ileile ya kisukari, inayovizibua masikio viungo visivyosikia insulini. Anayetafuta mtoto naye ana sababu ya kutokata tamaa: mwaka 2014, katika jaribio la wanawake 750 nchini Marekani, waliopata mtoto hai walikuwa 27.5 katika kila 100 kwa waliotumia letrozoli, na 19.1 kwa waliotumia klomifeni. Wengi wengine hushika mimba bila dawa yoyote, na baadhi yao bila kutarajia, kwa kuwa waliambiwa hawawezi kuzaa.

Kuhusu unene tuseme kwa upole na kwa ukweli. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi. Dona badala ya sembe, maharage na mchicha vijaze sahani kuliko wali, sukari ipungue kwenye chai, miguu itembee. Lakini insulini iliyopanda yenyewe huuhimiza mwili kuweka akiba ya mafuta. Kumwambia mwanamke akapungue kwanza ndipo arudi kliniki ni kumtwisha mzigo na kumfungia mlango kwa mkupuo mmoja.

Tutaambiwa kwamba zahanati zetu hazina dawa za malaria za kutosha, achilia mbali vipimo vya homoni. Hoja hiyo ina uzito, ila hapa haifiki mbali. Kwa kanuni zilizokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, mwanamke huhitaji dalili mbili kati ya tatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, na ovari zenye vifuko vingi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaeleza kwamba mwenye mbili za kwanza hahitaji altrasaundi, na kwamba msichana aliye bado katika ujana asipimwe kwa hiyo, maana ovari za ujana huwa na vifuko vingi kwa kawaida. Inabaki kazi ya kuondoa mengine yanayofanana nayo: mimba, matatizo ya tezi ya shingo, prolaktini iliyopanda na mengine ya nadra. Hayo huenda yakahitaji hospitali ya mkoa. Kinachoanzisha safari hiyo ni swali, kipimo cha presha na kipimo cha sukari, na hivyo havihitaji hospitali kubwa.

Kurasa zinazofuata tumezipanga kwa hoja ile ya mwanzo, ya kutomfikia mwanamke kupitia mtoto tu. Makala ya kwanza ni ya wasichana na walimu wao. Ya pili inafuata sukari na moyo, ya tatu inaingia jikoni, ya nne inazungumza na wanaume. Habari ya kutafuta mtoto imo pia, nayo ni ndefu. Tumeiweka ya tano.

Tunawaomba wasomaji jambo moja. Mafunzo mengi aliyopewa mwari na somo wake yalihusu kujisitiri: kitambaa kifuliwe wapi, kianikwe wapi, nani asijue. Yana hekima yake, ila kuhesabu hakukuwa na nafasi kubwa humo. Tuongeze hesabu. Kwa mwanamke aliyepita miaka mitatu tangu avunje ungo, mwezi huandama kati ya siku 21 na 35, na kwa mwaka usipungue mara nane. Asiye na mimba, hanyonyeshi, hatumii uzazi wa mpango na hajakoma hedhi, akifikisha siku 90 bila kuuona, aende akapimwe, awe na mume au asiwe naye, awe anataka mtoto au amekwisha kuzaa. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile ya duka la vifaa vya ujenzi. Nukta ndogo ya kalamu inatosha, na wageni hawataielewa.

Mwezi wa mbinguni usipoonekana tunaupa siku moja tu ya kuungoja. Huu wa mwilini tuuwekee 90.