Gesi Inakula Mtaji Wako na Hujui

Wajasiriamali wenzangu, leo naomba tuambiane ukweli.

Mimi nauza pilipili ya kukaanga kwa oda. Naposti WhatsApp, boda anapeleka. Mwaka mzima nilijua kila chupa inaniachia faida ya shilingi elfu moja. Kwenye daftari kulikuwa na pilipili, karoti, mafuta, kitunguu saumu, chupa na lebo. Gesi haikuwemo. Nilijiambia, si ile ile ya nyumbani?

Siku moja ikaja oda ya chupa 40, mtungi nao umekata. Nikachukua hela ya kununulia chupa tupu, nikajaza gesi. Gesi ipo, chupa hakuna! Mteja akaenda kwa mwingine na hajarudi mpaka leo.

Ndipo nikabeba mtungi wangu wa kilo 6 hadi kwenye mizani ya dijitali ya dukani. Nikapima kabla ya kupika na baada ya kupika. Chupa 20 zilikula nusu kilo. Kwangu kilo moja ni kama elfu nne, kwa hiyo kila chupa ilikuwa inakula shilingi mia. Utasema ni ndogo. Kwa mwezi nauza chupa 200, hiyo ni elfu ishirini, karibu mtungi mzima!

Wengi wanatushauri tubane matumizi ya nyumbani. Sawa, bana: loweka maharage usiku, funika sufuria, na moto ukiwa wa njano unaochafua masufuria, safisha matundu ya jiko. Ila mimi nasema kubana bila kupima ni kujitesa bure. Utawanyima watoto chai ya jioni, kumbe kinachomaliza gesi ni oda zako.

Fanya hivi. Ukinunua gesi, pima mtungi palepale, toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa juu yake, ujue umepewa kilo ngapi. Andika tarehe. Kisha ingiza gesi kwenye bei ya bidhaa, na hela yake iweke pembeni kila ukiuza.

Mimi nilipandisha chupa kwa mia mbili. Niliogopa sana, lakini wateja wangu wa kila siku wamebaki.

Na wewe, bei yako ina gesi ndani? Niambie hapo chini.