Silinda Zinazolala: Nani Analipa Bili ya Pikapu Iliyotumika?

Leo tuziache seva kidogo tuzungumzie magari. Usiondoke lakini, ndugu msomaji, kwa maana gari la siku hizi ni tarakilishi yenye magurudumu, na hatutafika mbali kabla ya kurudi kwenye programu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: teknolojia ya kulaza silinda kwenye pikapu za Marekani ni wazo zuri, lakini mtu anayenunua pikapu hiyo ikiwa imetumika anastahili kupata swichi ya kuizima. Hajapewa, na naona si haki.

Hapa Kenya pikapu hizi ni adimu, kwani usukani wake uko kushoto. Ila ndugu zetu walioko Texas na Minnesota wanazinunua kila siku, na mara nyingi si mpya.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yake. Injini ya V8 ina silinda nane. Pikapu isiyo na mzigo, ikiwa barabara kuu kwa mwendo uleule, haihitaji nguvu zote hizo. Mlango wa hewa unafunguka kidogo tu, pistoni zinahangaika kuvuta hewa kwenye upenyo mwembamba, na petroli inapotea kwa kazi hiyo. Ukizilaza silinda nne, nne zilizobaki zinabeba mzigo wote, mlango wa hewa unafunguka zaidi na upotevu unapungua. Chrysler waliiweka kwenye injini ya Hemi ya lita 5.7 katika magari ya modeli ya 2005. General Motors waliiita Active Fuel Management, na Silverado za modeli ya 2007 zenye V8 ya lita 5.3 zilikuja nayo.

Sasa angalia inavyofanyika. Kwenye injini hiyo ya GM, tarakilishi inafungua valvu ndogo za umeme, presha ya oili inasukuma vipini vidogo vilivyo ndani ya tapeti, yaani vile vidude vinavyopanda na kushuka juu ya kamshafti. Vipini vikiachia, tapeti inabonyea badala ya kusukuma. Valvu za silinda hiyo zinabaki zimefungwa na petroli inakatwa. Nguvu ikihitajika tena, presha inaondolewa na vipini vinarudi mahali pake. Silinda zinazolazwa ni namba 1, 4, 6 na 7.

Hapa ndipo mwandishi wa programu anapokuna kichwa. Kwenye programu unaweza kubadilisha thamani kutoka 0 kwenda 1 mara milioni moja na hakuna kitu kitakachochakaa. Kipini cha chuma hakiko hivyo. Kinategemea oili safi, presha ya kutosha na tundu lisiloziba. Siku kikikataa kurudi, tapeti inabaki imebonyea. Ikiharibika zaidi inaanza kuila kamshafti, na hapo fundi anafungua injini. Gharama yake ni maelfu ya dola.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1981 Cadillac walitoa injini ya V8-6-4, iliyoweza kutumia silinda nane, sita au nne. Tarakilishi za wakati huo zilikuwa nzito kufikiri, gari likawa linashtuka, na wenye magari wengi wakaomba mfumo ukatwe. Baada ya mwaka mmoja uliondolewa kwenye magari mengi ya Cadillac. Leo tatizo la kufikiri limekwisha kabisa: mfumo mpya wa GM, ulioanza na pikapu za modeli ya 2019, una mipangilio 17 ya silinda na unaamua mara 80 kwa sekunde! Lakini bado amri inapitia kwenye oili, kipini na springi.

Tupige hesabu ya faida. Machi 2021, dunia ilipokosa chipu, GM walitangaza kwamba baadhi ya pikapu zao zingeundwa bila moduli ya mfumo huu, na kwamba ulaji wa mafuta ungezidi kwa takriban maili 1 kwa galoni. Chukua pikapu ya maili 19 kwa galoni ishuke hadi 18. Ukiendesha maili 12,000 kwa mwaka, tofauti ni kama galoni 35. Galoni ikiwa dola 3.50, hiyo ni takriban dola 120 kwa mwaka. Si haba, lakini tapeti moja ikigoma inameza akiba ya miaka mingi.

Na nani anavuna nini? Kiwanda kinapata namba nzuri mbele ya serikali, kwa sababu sheria ya Marekani hupima wastani wa mafuta wa magari yote yanayouzwa. Mnunuzi wa kwanza ana waranti ya injini. Mnunuzi wa pili, anayelipata gari likiwa na maili 110,000, anarithi vipini vilivyochoka. Sisi tunaorithi programu za watu tunaijua hadithi hii: aliyeandika njia ya mkato ameshahama kampuni, na simu ya saa nane usiku inakuja kwako.

Kuna watakaosema si kila injini inaharibika, na ni kweli. Nyingi zimekwenda mbali, hasa zilizobadilishwa oili kwa wakati. Tena akiba ndogo ikizidishwa kwa pikapu zote barabarani ni petroli nyingi na moshi mwingi uliookolewa. Sipingi. Lakini zile pikapu za 2021 zimethibitisha kwamba gari linaweza kuuzwa kihalali bila mfumo huu, mradi namba ya mafuta iandikwe kwa ukweli. Kama uhaba wa chipu ulitosha kuwa sababu, mbona uamuzi wa mwenye gari usitoshe?

Kwa sasa watu wanajisaidia na vifaa vya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, vinavyoiamuru tarakilishi isilaze silinda. Kumbuka tu kwamba tapeti zinabaki zilezile; kifaa hakifufui kilichochakaa. Anayetaka kung'oa mfumo wote abadilishe tapeti, kamshafti na pia programu, na aangalie kwanza sheria ya Marekani inayokataza kuchezea udhibiti wa moshi.

Unanunua? Washa injini ikiwa baridi usikilize mlio wa tik-tik usioisha. Soma misimbo ya hitilafu: P0301, P0304, P0306 au P0307 maana yake silinda inayoweza kulazwa inakosa kuwaka. Fundi aanze na plagi na koili, kisha azitilie shaka tapeti. Omba kumbukumbu za kubadilisha oili. Muuzaji asiye nazo, punguza bei au ondoka.

Na viwanda navyo vituwekee swichi. Kwenye programu ni mstari mmoja tu.