Leteni filamu zenu kibandani

Mwaka 2006 Mwanza nzima ilikuwa na maoni kuhusu filamu ambayo karibu hakuna mtu aliyekuwa ameiona. Jina lake ni Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper kutoka Austria, ila huku Kirumba mpaka leo tunaiita "ya mapanki". Rais Kikwete aliikemea, watu wakaandamana, vijiwe vikachemka. Wenzetu Ulaya walikuwa wakiitazama tangu 2004, na ilishateuliwa hata kuwania Oscar. Sisi tuliopigwa picha tukabaki kusimuliwa.

Naendesha kibanda umiza. Nina mabenchi, televisheni, spika mbili na jenereta la akiba. Kiingilio ni shilingi 500, mechi kubwa inapanda kidogo. Watu wanaodaiwa kuwa hawana subira na filamu nzito nawaona kila wiki wakikaa saa tatu kwenye benchi lisilo na egemeo, wanafuatilia tamthilia ya Kikorea, mradi tu imetafsiriwa. Kwa hiyo wanaotengeneza filamu za hali halisi kuhusu maisha yetu nawaambia wazilete vibandani, tena kwa sauti ya Kiswahili. Maandishi yanayokimbia chini ya kioo hayamfai mtu aliyetoka kuvuta nyavu usiku kucha.

Hiyo ya mapanki niliipata miaka mingi baadaye kwenye flashi ya mteja. Kuna mambo yalinikera. Mapanki ni kichwa, mifupa na mkia wa sangara, yanayobaki kiwanda kikishachukua minofu. Filamu inayaonyesha kama chakula cha waliokata tamaa. Mimi nimeyala sana, yakikaangwa vizuri ni kitoweo, na wapo akina mama waliosomesha watoto kwa biashara hiyo. Suala la ndege za minofu kuja na silaha nalo naona limedokezwa zaidi kuliko kuthibitishwa. Lakini yule mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayelinda taasisi ya utafiti wa uvuvi kwa ujira wa kutupa? Wa aina yake nawajua, wengine ni wateja wangu. Na wasichana waliokuwa wakiwasubiri marubani baa hawakutungwa na mzungu. Ubishi huo ulitakiwa ufanyike hapa sokoni Mwaloni, kati ya wavuvi na wachuuzi. Badala yake ulifanyika Ufaransa, wabishani wakafikishana hadi mahakamani.

Kuna nyingine inayoniuma zaidi, kwa sababu hiyo haina hata kisingizio cha lugha. The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ilitoka 2019 na Kenya ikaipeleka kuwania Oscar. Kijana anatoka Mombasa kurudi kijijini Pwani, baada ya kusikia bibi yake, mwenye zaidi ya miaka tisini, ametumiwa barua ya vitisho kwamba ni mchawi. Akichimbua anakuta shamba, na ndugu wanaolitaka. Kiswahili kimejaa humo. Sasa niambie, ni wapi Kanda ya Ziwa ambako hadithi hiyo ingehitaji maelezo? Huku vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Filamu hiyo ingekaa Misungwi au Shinyanga kama kiatu cha kupimwa mguu. Nimeulizia kwa wauza kanda wote ninaowafahamu, hakuna aliyeisikia.

Mtaniambia watafsiri wetu ni watu wa utani. Kweli. Marehemu Lufufu, mmoja wao, alikuwa anaweza kumhamishia shujaa wa Hong Kong mtaani kwako, na ukaamini. Utani wa namna hiyo ukiuweka juu ya bibi anayelia umefanya dhambi. Lakini mtafsiri mzuri anajua pa kunyamaza, nimewasikia wakifanya hivyo kwenye filamu za Kihindi mama akifariki. Mwongozaji akae naye chumbani siku mbili, wakubaliane mahali pa kuongeza neno na mahali pa kuacha sauti ya mwenyewe isikike. Gharama yake haifiki tiketi moja ya ndege ya kwenda tamashani.

Kuna pia suala la Bodi ya Filamu na vibali, na hapo sina ujanja. Sheria yenyewe ni ya 1976, imekuwa ikirekebishwa, na mwenye kibanda akikutwa na kitu kisicho na kibali anayefungiwa ni yeye. Mwongozaji anakuwa keshapanda ndege. Basi kibali kitafutwe na mwenye filamu kabla hajaniletea, aje nacho mkononi.

Mapato tugawane nusu kwa nusu. Jumatatu biashara yangu huwa mbovu, mpira unakuwa umeisha jana yake. Siku hiyo namwachia yeyote mwenye filamu ya kweli, kwa sharti kwamba na yeye akae benchi la mbele mpaka mwisho, kwa sababu wateja wangu watakuwa na maswali.