Tusilie na Malaysia, tutafute mashine

Juzi nilikuwa Ujiji, na kama ilivyo ada nikajisogeza kijiweni kunywa kahawa. Haikupita nusu saa mzee mmoja akaitoa ile hadithi ambayo kila Mtanzania kaisikia: eti Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu ya mchikichi, na leo wanatuuzia mafuta. Nimeisikia kwa wanasiasa, nimeisikia kwa walimu, nimeisikia kwenye daladala. Siku hizi siiamini tena.

Michikichi ya biashara ya Malaysia ina asili yake kwenye miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Shamba lao la kwanza la biashara, Tennamaram, lilianzishwa mwaka 1917. Na hata kama wangepitia kwetu, mbegu peke yake isingewatajirisha. Mbegu sisi tunayo tangu enzi za mababu! Tofauti iko kwenye kinachotokea baada ya mkungu kukatwa.

Ukitoka kidogo nje ya mji utaona mwenyewe. Mikungu inarundikwa siku kadhaa ili chikichi ziachie. Kisha zinachemshwa kwenye pipa, zinamiminwa kwenye mashine ya chuma, halafu vijana wanasukuma nguzo ndefu wakizunguka, kama ngamia wa kinu cha ufuta kule pwani. Mafuta yanatoka, sikatai, na migebuka ikikaangwa kwa mawese hayo huwezi kunipokonya sahani. Lakini chikichi ikishachubuka na kukaa, asidi inapanda kila saa. Viwanda vya wenzetu hujitahidi kuzipika kwa mvuke ndani ya siku moja tu. Mafuta yenye asidi nyingi hayapendwi na viwanda vya kusafisha, basi yanaangukia kwenye sabuni, kwa bei ya sabuni.

Halafu kuna mise, yaani zile kokwa za ndani, ambazo nazo zina mafuta yake. Nilimkuta mama mmoja kakaa chini ya mwembe na mawe mawili. Anaweka kokwa moja, anapiga, anatoa kiini, anaweka nyingine. Nilijaribu. Ya tatu ilinipata kidoleni.

Kwa nini ngumu hivyo? Kwa sababu mchikichi wetu wa asili, Dura, una ganda nene na nyama kidogo. Siri ya ganda hilo iligunduliwa ng'ambo ya ziwa letu, ndani kabisa ya Kongo, kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba ukipandanisha Dura na Pisifera, isiyo na ganda, unapata Tenera: ganda jembamba, nyama nyingi. Kongo, jamani, siyo Malaysia.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kuhimiza kilimo cha chikichi, na tangu hapo TARI Kihinga na wengine wamekuwa wakizalisha miche ya Tenera. Vizuri sana. Ila Tenera huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na mkungu hausubiri kikao. Hebu tujiulize: itakamuliwa na nini?

Soko la mashine kwetu lina ncha mbili bila katikati. Huku kuna ile ya kusukuma, inayotengenezwa na mafundi wa hapa hapa. Kule kuna kiwanda cha kwenye katalogi, cha tani kadhaa kwa saa, kinachohitaji maelfu ya hekta kukilisha. Mwenye ekari tatu aende wapi? Anayemiliki kiwanda ndiye atakayepanga bei, na mkulima mwenye mikungu inayooza hana ubavu wa kubishana.

Kikundi kimoja nilichokitembelea kilijichanga kikanunua mashine ya injini ya kubangua mise, kutoka nje. Imepangwa kwa kokwa za ganda jembamba. Wakiweka Dura, nyingine zinatoka nzima, nyingine zinasagika na kiini chake. Halafu beringi ikafa, na muuzaji hana ya akiba. Sasa kuku wanalala juu yake.

Nilimuuliza yule mama: mashine ikija, si utakosa kazi? Akacheka. "Mwanangu, mashine siiogopi. Nauliza itakuwa ya nani."

Hapo ndipo ninaposimama mimi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka uliofuata. Kwa Kigoma sehemu yake ingenunua mtambo mdogo uliokamilika: pipa la mvuke, kikamulio cha injini, na kibanguzi kinachoweza kurekebishwa kwa Dura na Tenera, kwa sababu miti ya zamani haitakatwa kesho. Uwe mali ya hao wanaobangua sasa. Na utengenezwe hapa, ili beringi ikifa isisubiri meli.

Kabla sijaondoka nilipita kwa fundi chuma mmoja Kigoma mjini nikamwuliza kama kibanguzi cha namna hiyo anakiweza. Akasema anakiweza, ila hakuna aliyewahi kumwagiza.