Kijana anayesubiri chuo, na filamu ya mwaka 1926

Mzazi mwenzangu, wiki hii nakuletea ya nyumbani kwangu. Kijana wangu anasubiri kwenda chuo kikuu, na kila nikianza nasaha ananijibu "sawa mama" kabla sijamaliza. Basi Jumamosi usiku nikamwita yeye na mdogo wake wa kidato cha tatu, tukatazama filamu kwenye simu: Brown of Harvard, ya mwaka 1926. Haina sauti. Maneno yanaandikwa kwenye kioo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusoma na kutafsiri. (Hakimiliki za filamu za mwaka huo zilikwisha Marekani mwanzoni mwa 2022, hivyo huibi ukiitazama.)

Tom Brown, ambaye mwigizaji wake ni William Haines, anaingia Harvard akiwa mtanashati, mcheshi, na sifa ya kupenda wasichana imemtangulia. Mpinzani wake ni Bob McAndrew, kijana mtulivu. Wanashindana kupiga makasia, na wanamgombea Mary, binti wa profesa. Wanangu walitaka kujua hizo boti zinaendaje. Nikawaeleza: wapiga makasia wanane wanakaa wakiwa wameupa mgongo upande wanakokwenda. Anayeona mbele ni mshika usukani peke yake, na wote hufuata mapigo ya mmoja aliyekaa karibu naye. Harvard na Yale walishindana hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1852, na ndiyo yanayohesabiwa kuwa mashindano ya kwanza ya michezo kati ya vyuo vya Marekani. Kwa hiyo huko kasia si jambo dogo.

Sasa, kwenye sherehe moja Tom anambusu Mary kwa nguvu. Kijana wangu akacheka. Bob anakuja juu, wanapigana. Mdogo wake hakucheka.

"Kwa hiyo aliyebusiwa ni Mary, halafu wanaogombana ni wao?"

Nikasimamisha filamu. Kaka mtu akasema ni utani tu, tena wa zamani. Nikamuuliza, angekuwa mdogo wako kwenye sherehe hiyo, ungeuita utani? Akainama. Nilikuwa na maneno mengi sana, nikayameza.

Tukaendelea. Tom anaishi chumba kimoja na Jim Doolittle, kijana dhaifu wa mwili, asiye na makeke, anayempenda Tom kama ndugu. Ndiye Jack Pickford, na kwangu ndiye aliyeibeba filamu nzima. Jim ni mgonjwa, lakini anatoka kwenye mvua ili kumnusuru rafiki yake asiaibike. Tom anaingia uwanjani kucheza mpira wa Kimarekani dhidi ya Yale, anakuwa shujaa. Jim anafia hospitalini. Mwishoni Mary anakuwa wa Tom.

Mwisho huo sikuupenda, nawaambia ukweli. Mkosaji kapata kila kitu, aliyemwokoa yuko kaburini.

Jumapili asubuhi nikiwa nachambua mchele, kijana akaja kusimama mlangoni.

"Mama, hosteli unachagua wa kukaa naye?"

"Mara nyingi unapangiwa."

"Basi nisipangiwe mtu kama Jim."

"Kwa nini, baba?"

"Nitamsumbua."

Akavuta kigoda, akaanza kunisaidia kutoa mawe kwenye mchele. Tuliongea mpaka maji yakachemka, na safari hii sikusikia "sawa mama" hata mara moja.