Vinanda Viwili Si Majivuno



Muhula huu baadhi yetu tumekuwa tukipandanisha vinanda viwili vya umeme, kimoja juu ya kingine, ili tujifunze kupiga kama ogani. Wenzetu wametucheka, wakisema hayo ni majivuno, maana kinanda kimoja chatosha.

Mimi sikubali. Ogani nyingi zina safu mbili au zaidi za vibonyezo, na kila safu ina sauti zake. Mkono wa kuume hupiga tuni juu kwa sauti ya filimbi. Wa kushoto huitikia chini kwa upole. Kwenye kinanda kimoja mikono hugongana. Tena sauti ya ogani hudumu maadamu kidole kimebonyeza, na hukatika kikiinuka. Basi vidole hujifunza kupokezana bila pengo.

Wala jambo hili si geni. Katika karne ya 18 baadhi ya wapiga ogani wa Ujerumani walifanya mazoezi nyumbani kwa vinanda vilivyopandanishwa, hata na vya miguu, kwani kanisani palikuwa na baridi, na ogani haikulia bila watu wa kusukuma hewa kwa mivukuto. Nasi wa Kifanya twaijua baridi!

Vya miguu hatuna. Kazi hiyo waifanye waimbaji wa besi. Ombi letu kwa walimu na wazazi ni kichanja imara, na Njombe mbao si haba. Kwa sasa kinanda cha juu kimeegemezwa juu ya madawati. Kikianguka, tutabaki na kimoja kweli.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu